Padre Kolbe kabla ya Auschwitz: mhariri na barua zake

Picha ya Mtakatifu Maximilian Kolbe inayotundikwa makanisani huwa ni ileile: mtu mwembamba mwenye miwani ya duara, nguo za mistari za mfungwa, namba 16670 kifuani. Katekista akiwasimulia watoto wa kipaimara huenda moja kwa moja hadi mwisho wa Julai 1941. Mfungwa mmoja ametoroka katika kambi ya Auschwitz, kamanda amechagua watu kumi wafe kwa njaa, na padre huyu Mpolandi anatoka mstarini kuomba afe badala ya Franciszek Gajowniczek, baba mwenye mke na watoto. Akafungiwa katika chumba cha chini wiki mbili. Tarehe 14 Agosti, kwa kuwa alikuwa bado hai, wakammaliza kwa sindano ya sumu. Gajowniczek aliishi hadi mwaka 1995.

Kisa hicho nakiheshimu kwa moyo wote. Ila ni wiki mbili katika maisha ya miaka 47. Nyuma yake ipo karibu miaka ishirini ambayo mtu huyu alikuwa mhariri wa magazeti, tangu Januari 1922 hadi Wajerumani walipomkamata mara ya mwisho, na miaka hiyo imehifadhiwa vizuri kuliko tunavyodhani, kwa sababu aliandika barua. Mamia kwa mamia ya barua: kwa wakuu wake wa shirika, kwa mdogo wake, kwa mama yake, kwa mabruda wa kiwanda cha chapa, kwa wahariri aliowaachia kazi. Tafsiri ya Kiingereza ya maandishi yake ilitoka mwaka 2016 katika juzuu mbili nene, na juzuu nzima ya kwanza ni barua.

Mimi nimehariri kijarida cha kanisa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo niliifungua nikitafuta mambo ya kazi, nikayakuta tele. Bei ya karatasi. Deni la mchapaji. Bruda anayejua kupanga herufi, je, ahamishwe au abaki? Toleo la mwezi ujao liongezwe nakala ngapi? Aliyezoea kufikiri kwamba watakatifu huandika habari za mbinguni tu atakutana hapa na fedha na mashine, ukurasa baada ya ukurasa, na katikati ya fedha na mashine Padre Kolbe anamtaja Bikira Maria kana kwamba yumo humohumo ofisini, anangoja kuulizwa maoni yake.

Barua yake iliyosomwa na watu wengi kuliko zote aliiandika kabla hajaanza uhariri. Mapadre na watawa huikuta katika masomo ya Sala ya Kanisa kila tarehe 14 Agosti, siku ya kumbukumbu yake. Ni ya mwaka 1919, kutoka Roma, kwa mdogo wake Alfons ambaye naye alikuwa Mfransisko Mkonventuali. (Ni shirika lilelile linalohudumia mahali pa hija pa Subukia, Kenya, kwa wale waliowahi kufika.) Anasikitika kwamba ugonjwa wa nyakati zao ni kutojali mambo ya Mungu, nao umewaingia hata watawa. Halafu anageukia utii. Mkuu anaweza kukosea, anamwambia Alfons, lakini anayetii hakosei, isipokuwa akiamriwa jambo ambalo ni dhambi waziwazi. Naomba msomaji aishike hoja hiyo. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara inanipeleka kwenye barua nyingine aliyoiandika miaka 16 baadaye, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Alipoandika barua ile ya Roma alikuwa kijana wa miaka 25 mwenye udaktari wa falsafa, anakaribia kumaliza wa teolojia, na tayari kifua kikuu kilikuwa kimemwingia. Miaka miwili nyuma, tarehe 16 Oktoba 1917, yeye na wenzake sita walikuwa wameanzisha chama cha Jeshi la Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Akarudi Poland, nchi iliyokuwa imepata uhuru wake 1918 baada ya miaka 123 ya kugawanywa na majirani. Mapafu yakamnyima kufundisha na kuhubiri. Alilazwa muda mrefu Zakopane, mji wa milimani walikopelekwa wagonjwa wa kifua. Mtu asiye na pumzi ya kusimama mimbarini akaamua kuhubiri kwa karatasi.

Januari 1922, mjini Kraków, likatoka toleo la kwanza la Rycerz Niepokalanej, yaani Shujaa wa Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Nakala 5,000. Wakuu walikuwa wamempa ruhusa bila senti hata moja, na wasomaji wa toleo lile waliambiwa waziwazi kwamba kwa upungufu wa fedha hawawezi kuahidiwa kulipata jarida kila mwezi. Nalipenda sana tangazo hilo. Wahariri wengi huanza kwa kuahidi makubwa. Yeye alianza kwa kuwaonya watu kwamba huenda wasimwone tena.

Na hofu ilikuwa na sababu. Fedha ya Poland ya wakati ule, marka, ilikuwa ikiporomoka, hata mwaka 1923 ikawa karibu haina thamani, na 1924 ikabidi serikali ianzishe złoty. Karatasi na stempu zilipanda kuliko michango. Wafransisko husimulia kwamba deni la mchapaji lilipombana, Padre Kolbe aliomba mbele ya altare ya Bikira Maria, na alipoinuka akaona bahasha iliyoandikwa kwamba ni kwa ajili ya Mama Mkingiwa. Ndani mlikuwa na kiasi kilekile alichodaiwa. Wakuu wakamruhusu alipie deni.

Mwishoni mwa mwaka 1922 alikuwa amehamishiwa mji wa Grodno pamoja na jarida lake. Kulipia kiwanda cha watu wengine kulikuwa kunammaliza, akataka mtambo wake mwenyewe. Baadhi ya ndugu zake watawa walimcheka. Padre mmoja mgeni kutoka Marekani, Lawrence Cyman, hakucheka. Alimpa dola 100, na kwa fedha hizo ukanunuliwa mtambo mkuukuu wa kuzungushwa kwa mkono. Mabruda wakabadilishana zamu kwenye mpini. Padre mhariri naye alishika zamu yake, na mapafu yake yale.

Barua za wasomaji zikaanza kumiminika, na hapa ndipo ninapoiona akili ya kihariri iliyokuwa ndani ya mtawa huyu. Jarida halikuwa na bei ya kulazimisha. Aliyeweza alitoa mchango, asiyeweza aliletewa bure. Maana yake ni kwamba ofisi haikuweza kukaa kimya ikisubiri malipo. Ilibidi iwe na mazungumzo na kila jina lililomo katika orodha. Mtu aliandika kushukuru kwa mwanawe aliyepona, au kwa mume aliyerudi kwenye sakramenti, akatia na kiasi kidogo alichokuwa nacho. Barua ya namna hiyo ilijibiwa, na nyingi zikachapwa katika kurasa za shukrani za toleo lililofuata. Jirani akasoma, akajiona yeye mwenyewe mle ndani, akaandika. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, kazi ya kufungua, kupanga na kujibu barua ilihitaji idara nzima ya mabruda wenye faili za majina na anwani. Wanaochambua historia ya magazeti hupenda kuanza na mitambo. Kwa maoni yangu mashine zilikuja nyuma ya barua: wasomaji waliandika kwanza, ndipo mhariri akajua nakala za kuongeza.

Grodno pakawa padogo. Mwaka 1927 Mwanamfalme Jan Drucki-Lubecki alitoa shamba karibu na reli huko Teresin, kilomita 40 hivi magharibi ya Warsaw, na mwezi Novemba mwaka huo watawa wakahamia katika vibanda vya mbao walivyojijengea. Wakapaita Niepokalanów, Mji wa Mkingiwa. Miaka 12 baadaye palikuwa na mabruda na vijana wa seminari ndogo zaidi ya 700, kikosi chao cha zimamoto, na mitambo ya kisasa ya kuchapa. Toleo la Rycerz la Desemba 1938 lilifika karibu nakala milioni moja. Padre mmoja alimwuliza Kolbe, Mtakatifu Fransisko mwenyewe angesema nini kuhusu mashine hizi za bei kubwa? Wanasema alijibu kwamba angekunja mikono ya joho lake akafanye kazi pamoja na hawa mabruda.

Lakini sehemu kubwa ya ukuaji huo ilitokea yeye hayupo, na kutokuwapo kwake ndiko kulikotuachia barua nyingi hivyo.

Tarehe 26 Februari 1930 aliondoka na mabruda wanne kwenda Asia. Meli yao iling'oa nanga Marseille tarehe 7 Machi, ikafika Shanghai tarehe 11 Aprili: wiki tano baharini. Huko China tajiri mmoja Mkatoliki, Lo Pa Hong, alikuwa tayari kuwapa nyumba na mtambo, ila maeneo ya umisionari yalikuwa yameshagawanywa baina ya mashirika na hapakuwa na nafasi ya wageni wenye jarida. Akaendelea hadi Nagasaki, akashuka tarehe 24 Aprili. Askofu wa huko, Januarius Hayasaka, Mjapani wa kwanza kuwekwa wakfu askofu, alikuwa anahitaji mwalimu wa falsafa katika seminari yake. Kolbe alikuwa anahitaji ruhusa ya kuchapa. Wakapatana. Mwezi wa Mei ulipokwisha, nakala 10,000 za Seibo no Kishi, jarida lake kwa Kijapani, zilikuwa tayari, na telegramu ilikuwa imefika Niepokalanów kuwajulisha.

Naomba tutulie kidogo hapa. Kolbe hakujua Kijapani. Aliandika kwa Kilatini au Kiitaliano, na Wajapani wenye elimu wakamtafsiria. Mabruda wake, vijana wa Kipolandi, walipanga kwa mkono herufi wasizoweza kuzisoma, wakizitambua kwa maumbo yake, katika lugha inayodai maelfu ya herufi tofauti. Mhariri hakuweza kusahihisha prufu ya jarida lake mwenyewe. Kila mhariri anajua hofu ya usiku ule kabla ya kuchapa, unapojiuliza kosa gani limekuponyoka. Yeye aliishi na hofu hiyo kila mwezi kwa miaka sita, akiwaamini watu kabisa. Nadhani ndiyo sababu barua zake za Nagasaki zina upole mwingi kwa wafanyakazi kuliko zile za Kraków. Anaulizia afya zao, anasimulia baridi, theluji iliyopenya darini na kuwaangukia walipolala, chakula wasichokizoea. Halafu anarudi palepale: nakala, karatasi, stempu.

Wengi wa wasomaji wa Seibo no Kishi hawakuwa Wakristo, nao waliandika. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 jarida lilikuwa limepita nakala 50,000, katika nchi ambayo Wakatoliki walikuwa wachache mno. Mwaka 1931 alijenga kituo chake, Mugenzai no Sono, Bustani ya Mkingiwa, kwenye mteremko wa mlima nje kidogo ya mji, kiwanja ambacho wengine waliona ni kibaya kwa kuwa kimeupa mji mgongo. Tarehe 9 Agosti 1945 mlima huo ndio uliokinga nyumba yake, wakati bomu la atomiki lilipoiteketeza Urakami, mtaa wa Wakatoliki.

Nyumbani alikuwa amemwachia Alfons kila kitu, utawala wa Niepokalanów na uhariri wa Rycerz. Tangu siku za Roma walikuwa wakiandikiana kama ndugu, na sasa wakaandikiana pia kama watu wa dawati moja. Tarehe 3 Desemba 1930 Alfons akafariki ghafla. Alikuwa na miaka 34. Maximilian alikuwa Nagasaki, hakumzika mdogo wake. Baba yao alikuwa ameshauawa na Warusi mwaka 1914. Mama, Maria, alikuwa Kraków kwa masista Wafelisiani, na barua za mwanawe kwake ni fupi, za heshima, zenye kumtuliza. Ni mama aliyepokea wanawe kwa njia ya posta karibu maisha yake yote.

Kwa wakuu wake barua zilikuwa ndefu zaidi, na karibu zote zinaomba ruhusa. Kununua kiwanja. Kuongeza nakala. Kwenda India: mwaka 1932 alifika Ernakulam kutafuta mahali pa jarida jingine, ingawa mpango huo haukushika. Barua ilichukua wiki kadhaa kwenda, na jibu wiki kadhaa kurudi, na nyakati zile mtambo ungeweza kukaa umenyamaza ukisubiri neno moja la Padre Kornel Czupryk, provinsiali wake, yaani mkuu wa shirika huko Poland. Si wote katika shirika waliompenda. Walikuwapo walioona mitambo inaaibisha nadhiri ya ufukara, na walioona ibada yake kwa Mkingiwa imezidi kiasi. Mwaka 1933 mkutano wa provinsi uliamua Padre Kornel mwenyewe aende Nagasaki awe mkuu wa nyumba, Kolbe abaki na jarida. Mwanzilishi akawekwa chini ya mwingine, katika nyumba aliyoianzisha mwenyewe. Hakulalamika. Aliishi alichomwandikia Alfons mwaka 1919. Mabruda walimkumbuka akiwaandikia w ndogo sawa na W kubwa, w ya wola, yaani utashi kwa Kipolandi: utashi wangu uwe sawasawa na utashi wa Mungu, na utashi wa Mungu unanifikia kupitia mkuu wangu.

Sasa tufike mwaka 1935.

Mwezi Mei mwaka huo Niepokalanów ilianzisha gazeti la kila siku, Mały Dziennik, lililouzwa kwa bei rahisi ili mfanyakazi wa kawaida amudu. Lilipokomaa lilichapwa zaidi ya nakala 100,000 siku za kazi na zaidi ya 200,000 Jumapili. Poland ya wakati ule ilikuwa na Wayahudi zaidi ya milioni tatu, karibu mtu mmoja katika kila kumi. Marshal Piłsudski, kiongozi wa nchi, alifariki mwezi huohuo wa Mei, na baada yake siasa za kizalendo za chuki zikapata nguvu: wito wa kususia maduka ya Kiyahudi, fujo vyuoni, magazeti yanayomlaumu Myahudi kwa kila ugumu wa maisha. Mały Dziennik liliingia katika mkumbo huo. Lilichapa makala za kuwashambulia Wayahudi, na wanahistoria wengi wanalitaja hivyo bila kusita.

Kolbe mwenyewe hakuwa safi katika jambo hili. Katika miaka ya 1920 alikuwa ameandika kuhusu njama za Wamasoni na Wayahudi, na akayachukulia kuwa ya kweli yale maandishi ya kughushi yaitwayo Itifaki za Wazee wa Sayuni, ambayo gazeti la The Times la London lilikuwa limeonyesha mwaka 1921 kuwa ni uongo ulionakiliwa kutoka kitabu cha zamani. Linaniumiza kuliandika hili kuhusu mtakatifu ninayemwomba aniombee, lakini limo katika maandishi yake, na wasomaji wake walilisoma wakaliamini, kwa sababu lilitoka kwa padre.

Ndipo inakuja barua ya tarehe 12 Julai 1935, kutoka Nagasaki, kwa Padre Marian Wójcik aliyekuwa akiliongoza gazeti lile jipya. Kolbe anamwambia kwamba yeye, akizungumzia Wayahudi, angejihadhari sana asije akaamsha au kuzidisha chuki ya wasomaji, ambao wengine wao tayari wana uadui nao. Anasema angehangaikia zaidi kukuza biashara na viwanda vya Wapolandi kuliko kuwanyoshea Wayahudi kidole. Na anamkumbusha lengo la kazi yao yote: kuongoka na kutakatifuzwa kwa watu, yaani kuwapenda watu wote.

Kwa mara ya kwanza niliposoma nilifurahi. Mhariri aliye upande wa pili wa dunia, ambaye magazeti ya nyumbani yanamfikia yakiwa ya zamani, ameinusa harufu ya kinachochapwa na ameandika. Amemfikiria msomaji kwanza, kama kawaida yake. Anajua kwamba mtu akifungua gazeti tayari ana kitu moyoni, na gazeti hukikuza. Sijui maelezo bora zaidi ya wajibu wa mhariri kuliko hayo.

Niliporudia kuisoma, furaha ilipungua. Barua inashauri. Haikatazi. Haisemi kwamba makala za namna ile ni dhambi, wala haisemi kwamba yale aliyoyaamini yeye mwenyewe kuhusu njama za Wayahudi yalikuwa uongo. Inakubali kwamba tatizo la biashara za Kiyahudi lipo, inachagua tu njia ya amani zaidi ya kulishughulikia. Mwaka 1935 namwelewa. Yeye alikuwa chini, si juu. Hakuwa na mamlaka juu ya Padre Wójcik, na kwa mtu aliyelelewa katika utii ule, kumshauri mhariri wa nyumba nyingine lilikuwa tayari jambo la kupimwa. Barua yenye maneno ya mtu anayesema mimi ningefanya hivi ndiyo barua aliyokuwa na haki ya kuandika.

Lakini mwaka 1936 mkutano wa provinsi ulimrudisha Poland na kumfanya gwardiani, yaani mkuu wa nyumba, wa Niepokalanów. Sasa hakuhitaji stempu. Ofisi ya gazeti ilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu, na mamia ya mabruda walikuwa wamefunga nadhiri ya kumtii yeye. Ule utii alioutetea mwaka 1919, ambao kwa miaka mingi ulimfanya aombe ruhusa hata ya kiwanja, ulikuwa umegeuka upande: neno lake ndilo lililokuwa sasa linapokelewa kama utashi wa Mungu. Na gazeti halikubadilika kiasi cha kutosha. Miaka ile mitatu kabla ya vita liliendelea kuchapa mambo ambayo barua ya Nagasaki ilikuwa imeyaonya.

Watetezi wake husema alikuwa mgonjwa, kwamba nyumba ilikuwa kubwa kama mji, kwamba wahariri walikuwa na uhuru wao, kwamba hata maaskofu waliandika hivyo. Hili la mwisho ni kweli: Kardinali Hlond, mkuu wa Kanisa la Poland, katika barua yake ya kichungaji ya 1936 alikataza kuwapiga Wayahudi na papo hapo akaona si vibaya kukwepa maduka yao. Nayakubali yote hayo kama maelezo. Hayanitoshi kama utetezi, kwa sababu yeye alikuwa ameshaona. Mtu ambaye hajaona tunaweza kumwombea udhuru wa nyakati zake. Aliyeandika barua ile Julai 1935 alijua hasa chuki inavyoingia kwa msomaji, alijua kuliko wote waliokuwa Niepokalanów, na alipopata uwezo wa kuamuru aliendelea kushauri.

Ninalisema hili bila kumpunguzia chochote. Vita vilipoanza alikamatwa tarehe 19 Septemba 1939, akaachiwa tarehe 8 Desemba. Aliporudi, Niepokalanów iliyokuwa imeporwa iliwafungulia mlango maelfu ya watu waliofukuzwa na Wajerumani katika makazi yao magharibi ya nchi, na miongoni mwao walikuwamo Wayahudi wengi. Walilishwa na kulazwa sawa na wengine. Upendo kwa watu wote, ambao katika barua ulikuwa ushauri kwa mhariri mwenzake, ukawa supu na kitanda. Natamani ungekuwa pia amri ya uhariri, mapema zaidi, wakati ambapo nakala laki moja zilikuwa zikitoka kila siku kwenda kwenye meza za watu.

Aliwaandikia Wajerumani kuomba kibali cha jarida lake, akaandika tena, mpaka wakamruhusu toleo moja tu, la Desemba 1940 na Januari 1941, nakala 120,000. Mle ndani aliandika makala kuhusu ukweli: kwamba hakuna mtu duniani awezaye kuubadili, tunachoweza ni kuutafuta, kuukuta na kuutumikia. Tarehe 17 Februari 1941 wakaja kumchukua. Kutoka Auschwitz alimwandikia mama yake barua moja, tarehe 15 Juni, kwa Kijerumani kama kambi ilivyolazimisha, akimtuliza kwamba Mungu yupo kila mahali, na kumwomba asiandike mpaka apate habari nyingine, kwa kuwa hajui atakaa pale muda gani.

Mwaka 1982 Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mtakatifu, mabishano kuhusu maandishi yale ya miaka ya 1920 na kuhusu gazeti lile yalijaa katika magazeti ya Ulaya na Marekani. Huku kwetu yalipita kimya. Tulipokea picha ya nguo za mistari peke yake. Ningependa vikundi vyetu vinavyobeba jina lake, na hasa vijana wanaoendesha redio za majimbo na kurasa za parokia mitandaoni, wazipate barua zote. Anayeanza aanze na ile ya 1919 kwa Alfons, kisha za Nagasaki tangu 1930, azisome taratibu kwa sababu ndizo zenye raha ya kazi, halafu ile ya tarehe 12 Julai 1935. Asiruke kwenda 1941 kabla hajakaa na hiyo.